Kumbukumbu ya kompyuta na anwani pepe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wa aina tatu: wanafunzi wa S5 na S6 (kidato cha tano na cha sita) wanaosoma ICT, vijana wa Nasser Road, mtaa wa wachapishaji hapa Kampala, ambao kompyuta zao hukwama mteja akiwa amesimama mbele yao, na watu wanaotaka kununua laptopu ya mtumba au simu bila kutupa pesa. Nimeyapanga ili jibu moja lifungue jingine. Mwenye haraka aruke hadi lile linalomhusu, ingawa ningemwomba asiruke lile la anwani pepe, kwa maana mengine yote yanasimama juu yake.

Kumbukumbu inayozungumziwa hapa ni ipi?

Ni RAM. Diski hutunza faili zako hata kompyuta ikiwa imezimwa. RAM hushika kile kinachotumika sasa hivi, na umeme ukikatika vyote vilivyomo hupotea. Prosesa haifanyi kazi moja kwa moja juu ya diski. Kila agizo la programu na kila data lazima vipandishwe kwanza kwenye RAM.

Tofauti ya kasi ndiyo kiini cha habari yote. RAM hujibu kwa takriban nanosekunde 100. SSD, diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka, huchukua takriban mikrosekunde 100, yaani mara 1,000 zaidi. Diski ya zamani ya kuzunguka huchukua takriban milisekunde 10, yaani mara 100,000 zaidi. Zishike tarakimu hizi tatu, tutazihitaji.

Mfumo endeshi unaingiaje hapo?

Kwenye laptopu yako, hata ukidhani umefungua kivinjari tu, kuna makumi ya programu zilizo hai kwa wakati mmoja. Mfumo endeshi, uwe Windows, Linux au Android, ndio unaogawa RAM: nani apewe, apewe kiasi gani, anyang'anywe lini, na nani asimguse mwenzake. Haufanyi kazi hiyo peke yake. Ndani ya prosesa kuna sehemu iitwayo MMU ambayo hukagua na kutafsiri kila anwani ambayo programu inaitaja. Mfumo endeshi huandika kanuni, na MMU huzitekeleza mamilioni ya mara kwa sekunde bila kurudi kuuliza.

Enzi za MS-DOS, mfumo endeshi wa kompyuta za zamani, ulinzi huo haukuwapo. Programu ilitaja anwani halisi za RAM, na ikikosea hesabu iliweza kuandika juu ya mfumo endeshi wenyewe. Hapo dawa ilikuwa kuzima na kuwasha.

Anwani pepe ni nini hasa?

Ukienda Kikoni, karibu na Makerere, utakuta hosteli nyingi, na karibu kila moja ina chumba namba 12. Mwanafunzi akisema "naishi namba 12" hajakosea, lakini nambari hiyo ina maana ndani ya hosteli yake tu. Wanafunzi wawili wa namba 12 hawagongani, kwa kuwa kila msimamizi ana daftari lake linaloonyesha mlango hasa ulipo.

Anwani pepe ni namba 12 hiyo. Kila programu inayoendeshwa, ambayo wataalamu huiita mchakato, hupewa anwani zake yenyewe kuanzia sifuri kwenda juu, kana kwamba RAM yote ni yake. Michakato miwili inaweza kutumia anwani 20,500 kwa wakati mmoja na kila mmoja akakuta data yake. Anwani halisi, yaani mahali penyewe kwenye chipu za RAM, programu haiioni kamwe. Anayeijua ni mfumo endeshi na MMU.

Faida ni tatu. Programu haiwezi kugusa ya jirani, kwa sababu haina hata namna ya kuitaja. Mwandishi wa programu hahangaiki kujua nafasi iko wapi. Na mfumo endeshi una uhuru wa kuhamisha vitu, kuvipeleka diskini na kuvirudisha, bila programu kujua kitu. Mimi naihesabu hii kuwa miongoni mwa fikra nzuri kabisa katika sayansi ya kompyuta, na inasikitisha kwamba madarasani hupewa mstari mmoja tu.

Tafsiri yenyewe hufanyikaje? Nipe mfano wa hesabu.

Mfumo haufuatilii kila baiti peke yake, ungelemewa. Hukata anwani pepe katika vipande vinavyolingana viitwavyo kurasa. Kwenye kompyuta nyingi ukurasa mmoja ni baiti 4,096, yaani kilobaiti 4. RAM nayo hukatwa katika vipande vya ukubwa uleule, viitwavyo fremu. Kisha kwa kila mchakato mfumo endeshi hutunza jedwali la kurasa: ukurasa fulani uko kwenye fremu fulani.

Tuseme programu inataka kusoma anwani pepe 20,500. Gawanya kwa 4,096: unapata 5, na baki 20. Maana yake ni baiti ya 20 ndani ya ukurasa wa 5. MMU huangalia jedwali na kukuta kwamba ukurasa wa 5 wa mchakato huu uko kwenye fremu ya 731. Fremu ya 731 huanzia kwenye baiti 731 × 4,096, sawa na 2,994,176. Ongeza 20: anwani halisi ni 2,994,196. Baki haibadiliki; kinachobadilishwa ni nambari ya ukurasa tu.

Prosesa yenyewe haifanyi ugawanyaji huo. Kwa kuwa 4,096 ni 2 kwa kipeo cha 12, biti 12 za mwisho za anwani ndizo baki tayari, na biti zilizo juu yake ndizo nambari ya ukurasa. Ndiyo sababu ukubwa wa ukurasa daima ni kipeo cha 2.

Kila mstari wa jedwali hubeba pia alama ndogondogo: je, ukurasa huu umo kwenye RAM? Unaruhusiwa kuandikwa au ni wa kusoma tu? Maagizo yaliyomo yanaweza kuendeshwa? Umeguswa karibuni? Umebadilishwa tangu ulipopakiwa? Alama hizo zitatokea tena hapa chini.

Jedwali hilo si litaijaza RAM lenyewe?

Lingeijaza, kama lingeandikwa kama orodha moja ndefu. Prosesa nyingi za biti 64 za Intel na AMD hutumia biti 48 kwa anwani pepe, yaani terabaiti 256 kwa kila mchakato. Ukiweka mstari wa baiti 8 kwa kila ukurasa wa kilobaiti 4, jedwali la mchakato mmoja lingekula gigabaiti 512. Hakuna laptopu ya kuibeba.

Kwa hiyo jedwali hugawanywa ngazi nne. Biti 48 hukatwa 9, 9, 9, 9 na 12. Zile 9 za kwanza huchagua mstari mmoja kati ya 512 katika jedwali la juu. Mstari huo huonyesha jedwali la ngazi ya pili lilipo. Na kuendelea hivyo hadi kufika kwenye fremu. Maeneo ambayo programu haijayagusa hayatengenezewi jedwali kabisa. Kwa kuwa programu hutumia sehemu ndogo sana ya anwani zake, jedwali zima hubaki dogo. Prosesa mpya zaidi zinaweza kutumia ngazi tano na biti 57, lakini hizo ni habari za seva kubwa.

Ngazi nne kwa kila anwani? Kompyuta haichelewi?

Ingechelewa mno kama ingepanda ngazi hizo kila mara. Ndani ya prosesa kuna hifadhi ndogo na ya kasi sana, TLB, inayokumbuka tafsiri za karibuni. Programu huzungukazunguka kwenye kurasa zilezile kwa muda, kwa hiyo mara nyingi sana jibu hupatikana hapo bila kugusa jedwali.

Nani aliyebuni mambo haya?

Kompyuta ya kwanza kuyatekeleza ilikuwa Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, iliyozinduliwa mwaka 1962 na timu iliyoongozwa na Tom Kilburn. Ilikuwa na maneno 16,384 tu (neno hapa ni kipimo cha kumbukumbu cha mashine hiyo) ya kumbukumbu ya haraka, pamoja na pipa la sumaku lenye nafasi kubwa zaidi lakini la polepole. Waandishi wa programu walikuwa wakipoteza muda wao kupanga kwa mkono kipi kipandishwe na kipi kishushwe. Timu ya Kilburn ilikata kumbukumbu katika kurasa za maneno 512, zikapatikana fremu 32, na kuiachia mashine ipandishe na kushusha yenyewe. Mjerumani Fritz-Rudolf Güntsch alikuwa ameeleza fikra kama hiyo katika tasnifu yake ya udaktari huko Berlin miaka michache kabla. Kwenye kompyuta za mezani za jamii ya Intel, kurasa za kilobaiti 4 ziliingia na prosesa ya 80386 mwaka 1985.

Nini hutokea programu ikigusa ukurasa usiokuwemo kwenye RAM?

MMU husimamisha programu na kuita mfumo endeshi. Tukio hilo ni hitilafu ya ukurasa, na usiogope jina. Kwenye kompyuta nzima kiafya hutokea mara nyingi mno kila siku.

Mfumo endeshi huangalia sababu. Pengine ukurasa umo RAM tayari ila haujaunganishwa na mchakato huu. Huunganisha, kazi ikaendelea papo hapo. Pengine uko diskini. Basi hutafuta fremu tupu, husoma ukurasa kutoka diski, hurekebisha jedwali na kurudisha programu kwenye agizo lilelile. Programu haijui kwamba ililala. Au pengine anwani hiyo si yake kabisa, na hapo programu hufungwa.

Ile ya kusoma diskini ndiyo inayouma. Chukua zile tarakimu tatu. Tuseme kati ya maombi 1,000 ya kumbukumbu, moja tu linalazimika kwenda kwenye diski ya kuzunguka. Milisekunde 10 ukizigawa kwa 1,000 ni nanosekunde 10,000 zinazoongezwa kwa kila ombi, kwa wastani. Ombi lililokuwa nanosekunde 100 sasa ni 10,100. Kompyuta imekuwa nzito mara 100 kwa sababu ya ombi moja katika elfu! Fanya hesabu hiyohiyo kwa SSD: unaongeza nanosekunde 100, ombi linakuwa 200. Uzito umekuwa mara mbili tu. Mwanafunzi akielewa aya hii, ameelewa kwa nini mashine "hufa" ghafla badala ya kuchoka taratibu.

Programu ikiomba gigabaiti 1, hupewa palepale?

Hupewa anwani, si RAM. Linux, kwa mfano, hukubali ombi na kuandika kwamba eneo hilo ni la mchakato huu. Fremu hutolewa ukurasa kwa ukurasa, pale programu inapougusa kwa mara ya kwanza. Ombi la gigabaiti 1 lililoguswa megabaiti 20 tu limekula megabaiti 20.

Nimejumlisha matumizi ya programu zote, jumla imezidi RAM niliyonayo. Inawezekanaje?

Kurasa nyingi ni za pamoja. Maktaba za msingi ambazo karibu kila programu huzitumia hupakiwa mara moja, na jedwali za michakato mingi huelekezwa kwenye fremu zilezile. Ukijumlisha, unazihesabu tena na tena.

Kuna pia mbinu ya kunakili wakati wa kuandika. Mchakato kwenye Linux ukizaa mtoto, mfumo haunakili kumbukumbu yote. Wazazi na watoto huonyeshwa fremu zilezile, zikiwekwa alama ya kusoma tu. Atakayeandika kwanza husababisha hitilafu ya ukurasa, na hapo ndipo nakala ya ukurasa huo mmoja hutengenezwa.

RAM yangu inaonyesha imejaa. Kompyuta inaumwa?

Hapana, si lazima. Hili ndilo swali linalowagharimu watu pesa zaidi kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo.

RAM tupu haimsaidii mtu yeyote. Mfumo endeshi mzuri hutumia nafasi isiyo na mwenyewe kutunza nakala za faili zilizosomwa karibuni, ili ukizifungua tena zisisubiri diski. Programu ikihitaji nafasi, nakala hizo huachiliwa mara moja, kwa kuwa asili zake ziko diskini. Kwenye Linux, fungua dirisha la amri na uandike `free -h`. Tuseme laptopu ya gigabaiti 4 inakuonyesha hivi:

```
        total   used   free   buff/cache   available
Mem:    3.7Gi   2.1Gi  180Mi  1.4Gi        1.3Gi
```

Wengi huangalia safu ya free, wakaona megabaiti 180, wakashtuka. Safu ya kusoma ni ya mwisho, available: gigabaiti 1.3 zinaweza kutolewa kwa programu bila kusukuma kitu diskini. Mashine hii haina shida yoyote. Fundi akikuambia ununue RAM kwa sababu ya ile 180 peke yake, muulize kwanza anasemaje kuhusu ile 1.3.

Basi nitajuaje kwamba RAM kweli haitoshi?

Angalia safari za kwenda na kurudi diskini, usiangalie ujazo. Kurasa zisizo na faili diskini, mfano picha unayoihariri ambayo hujaihifadhi, zikikosa nafasi hushushwa kwenye eneo maalumu la diski: Linux huliita swapu, Windows huweka faili ya pagefile.sys. Kushusha mara moja moja si vibaya. Programu uliyoiacha tangu asubuhi ikishushwa, nafasi yake inafaidi unayoitumia.

Kwenye Linux andika `vmstat 1` na utazame safu mbili zenye majina `si` na `so`. Ya kwanza ni kinachopandishwa kutoka swapu, ya pili kinachoshushwa. Zikiwa sifuri kwa muda mwingi, tafuta sababu nyingine ya uzito. Zikiwa na tarakimu kubwa zote mbili, mfululizo, sekunde baada ya sekunde, RAM haitoshi. Kwenye Windows fungua Resource Monitor, upande wa Memory, na usome safu ya Hard Faults/sec.

Hali hiyo ya kupandisha na kushusha bila kazi kusonga ilichambuliwa vizuri na Peter Denning mwaka 1968. Alionyesha kwamba kila mchakato, kwa kipindi fulani, una kundi la kurasa unazozihitaji kwa pamoja. Jumla ya makundi hayo ikiingia RAM, kila kitu kinakwenda. Ikizidi hata kidogo, kila programu humnyang'anya mwenzake ukurasa ambao mwenzake atauhitaji sasa hivi. Taa ya diski huwaka bila kuzima, prosesa imekaa bure ikisubiri, na mtu wa Nasser Road anabofya kipanya kwa hasira na kuongeza maombi juu ya maombi. Katika hali hiyo funga programu moja kubwa, usubiri. Kufungua nyingine "uone tatizo ni nini" kunazidisha.

Mfumo huchaguaje ukurasa wa kushusha?

Uliokaa siku nyingi zaidi ndio uende? Inasikika kama haki, lakini ni mtego, na mtego wenyewe unapendeza kuuona kwa kalamu na karatasi. Programu inaomba kurasa kwa mpangilio huu: 1, 2, 3, 4, 1, 2, 5, 1, 2, 3, 4, 5. Ukiwa na fremu 3 na kumtoa daima aliyetangulia kuingia, utapata hitilafu 9. Sasa ongeza fremu ziwe 4. Hitilafu zinakuwa 10! Umeongeza kumbukumbu, hali ikazidi kuwa mbaya. Jambo hili linabeba jina la László Bélády, aliyelionyesha na wenzake mwaka 1969. Wape wanafunzi zoezi hili na uwaache wabishane, hawatalisahau.

Mifumo ya leo hujaribu kumtoa ambaye hajaguswa kwa muda mrefu, kwa kutumia ile alama ya "umeguswa karibuni" kwenye jedwali. Ni makisio, kwa kuwa kuandika saa ya kila mguso kungegharimu kuliko faida yake. Linux ilipata namna mpya ya kupanga kurasa kwa rika katika toleo la 6.1, mwishoni mwa 2022.

Nina pesa ya kitu kimoja tu. Ninunue RAM au SSD?

Kama laptopu ina diski ya kuzunguka na RAM ya gigabaiti 4, na kazi yako ni kuandika barua, kuchapa na kufungua kurasa chache za intaneti, nunua SSD kwanza. Rudia hesabu ya mara 100 na mara 2 utaona kwa nini. Utafaidi pia kwenye kuwasha mashine na kufungua faili. Kama tayari una SSD na unahariri mabango makubwa au video, na safu za `si` na `so` hazitulii, nunua RAM. Kabla ya kulipa, hakikisha kwamba laptopu hiyo inafunguka na ina nafasi ya kuongeza. Nyingi za kisasa zina RAM iliyogandishwa kwenye ubao wake, na hizo haziongezeki.

Nimeweka gigabaiti 4 lakini Windows inasema inaweza kutumia 3 na kitu. Nimeibiwa?

Hujaibiwa. Mara nyingi hiyo ni Windows ya biti 32. Biti 32 hutoa anwani 4,294,967,296 tu, yaani gigabaiti 4, na sehemu ya anwani hizo hupewa vifaa kama kadi ya picha. RAM iliyo chini ya anwani hizo hubaki bila namna ya kutajwa. Kama prosesa yako ni ya biti 64, weka Windows ya biti 64.

Simu imeandikwa "4 GB + 4 GB". Ina RAM ya 8?

Hapana. Ina RAM ya 4. Zile 4 nyingine ni sehemu ya hifadhi ya simu, kule kunakokaa picha na video, iliyotengwa kwa kushushia kurasa. Ni swapu ileile iliyovalishwa jina la biashara. Inaweza kusaidia programu zilizo nyuma zisifungwe mapema, lakini kasi yake si ya RAM, na inakula nafasi yako ya picha. Unapolinganisha simu mbili dukani, linganisha tarakimu ya kwanza na tarakimu ya kwanza.

Android ina mbinu nyingine iliyo bora kwa simu ndogo: zram. Kurasa hubanwa na kubaki humohumo kwenye RAM zikiwa ndogo. Kubana na kufungua kunatumia prosesa kidogo, lakini ni haraka kuliko kwenda kwenye hifadhi.

Programu za "kusafisha RAM" kwenye simu zinafaa?

Zifute. Huua programu ambazo Android iliziacha makusudi ili zifunguke haraka, kisha zikianza upya zinatumia betri na bando lako.

Flashi ikichomekwa inaongeza RAM?

Haiongezi. Windows ilikuwa na ReadyBoost, iliyotumia flashi kama hifadhi ya ziada ya nakala za diski. Iliwafaa kidogo wenye RAM ndogo na diski ya kuzunguka. Ukiwa na SSD, isahau.

"Segmentation fault" ni nini? Programu yangu ya C inakufa hapo kila siku.

Programu yako imetaja anwani ambayo haina ruhusa nayo. MMU imekataa, keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, imeufunga mchakato. Mara nyingi ni kielekezi (pointer) chenye thamani ya sifuri: ukurasa wa kwanza wa anwani pepe huachwa bila fremu kwa makusudi, ili kosa hili la kawaida likamatwe palepale. Sababu nyingine ni kupita mwisho wa safu ya data (array), kutumia kumbukumbu uliyokwisha kuiachilia, au funksheni kujiita bila kikomo hadi rafu (stack) ikajaa. Tumia `gdb`, programu ya kusaka makosa, au jenga programu kwa `-fsanitize=address`; utaonyeshwa mstari wenyewe.

Angalia pia kwamba kupita mwisho wa safu kwa baiti chache huenda kusiue programu. Ukurasa ni wa baiti 4,096, na MMU haioni kosa lililo ndani ya ukurasa ulio wako. Programu itaendelea na majibu ya uongo, na hilo ni baya kuliko kufa.

Na ile inayofungwa bila kosa lolote, ikaandikwa "Killed"?

RAM na swapu vyote vilikwisha. Kwa kuwa Linux hutoa anwani nyingi kuliko RAM iliyopo, siku wote wakidai kwa pamoja lazima mmoja aondoke. Keneli huupa kila mchakato alama, hasa kwa kiasi cha kumbukumbu unachotumia, na kuua wenye alama kubwa. Andika `dmesg` utasoma jina la aliyeuawa. Android hufanya jambo kama hilo mapema zaidi, ikianza na programu ambazo huzitazami.

Je, programu nyingine inaweza kusoma PIN yangu ya mobile money kutoka kwenye kumbukumbu?

Kwa kawaida haiwezi. Jedwali la kurasa la programu hiyo halina mstari hata mmoja unaoelekea kwenye fremu zenye data ya programu ya pesa. Juu ya hapo kuna ulinzi wa aina mbili. Kurasa za data hupigwa marufuku kuendeshwa kama maagizo. Na anwani huchanganywa upya kila programu inapowashwa, ili mshambuliaji asijue kitu kiko wapi. Linux iliingiza uchanganyaji huo mwaka 2005, Windows ikaufuata na Vista.

Ukuta huo uliwahi kupata ufa. Januari 2018 zilitangazwa kasoro za Meltdown na Spectre. Meltdown, iliyogusa hasa prosesa za Intel, iliiruhusu programu ya kawaida kusoma kumbukumbu ya keneli kwa kutumia kazi ambayo prosesa huifanya kwa kubahatisha kabla ya kukagua ruhusa. Mifumo endeshi ilirekebishwa kwa kutenga jedwali la kurasa la keneli na lile la programu. Kwa hiyo masasisho ya mfumo hayapaswi kuahirishwa hadi bando lishuke bei. Na ujue kwamba mwizi wa PIN hapa kwetu hapiti kwenye RAM. Hupiga simu na kuiomba.

Umeme ukikatika ghafla, kilichokuwa kwenye swapu kinapona?

Kinabaki diskini, lakini hakina faida tena, kwa kuwa jedwali lililosema ukurasa gani uko wapi lilikuwa kwenye RAM. Kompyuta ikiwaka huanza upya. Kinachonusurika ni kulaza mashine kwa hibernate kabla ya betri kuisha: Windows huandika yaliyomo kwenye RAM ndani ya faili ya hiberfil.sys na kuyarudisha baadaye. Kwa maeneo ambako umeme hukatika mara kwa mara, weka laptopu ijilaze hivyo betri ikifika asilimia 10.

Nataka kuuza laptopu yangu. Nikifuta faili zangu inatosha?

Haitoshi. Swapu na hiberfil.sys zinaweza kuwa na vipande vya chochote kilichopita kwenye RAM: barua, picha, hata nywila. Kama diski ilikuwa imesimbwa tangu mwanzo, yaani haisomeki bila ufunguo, kwa BitLocker ya Windows au LUKS ya Linux, na swapu ikiwemo, futa ufunguo na kazi imekwisha. Kama haikusimbwa, diski ya kuzunguka iandikwe sifuri mwanzo hadi mwisho. SSD usiifanyie hivyo, kwa kuwa huficha baadhi ya maeneo yake. Tumia amri ya kufuta iliyojengwa ndani yake, inayopatikana kwenye BIOS ya laptopu nyingi au kwenye programu ya mtengenezaji. Hakuna amri hiyo? Toa diski, ubaki nayo, uuze laptopu bila diski.